Sabatiko chuo cha nje: tafuta mwenyeji kwanza, fomu baadaye

Hii naiandika kwa ajili ya mtu mwenye kazi chuoni au kwenye taasisi ya utafiti, ana likizo ya sabatiko (ile ya kuachiwa kufundisha ili ufanye utafiti) inakuja au anadhani anaweza kuipata, na anataka akakae miezi kadhaa kwenye chuo cha nchi nyingine kama mtafiti mgeni, afanye kazi yake kwa utulivu. Mimi nimeshaomba nikakosa, nimeomba nikapata, halafu baadaye nikaitwa kusoma maombi ya wengine, na kinachoniuma mpaka leo ni kuona watu wenye kazi nzuri kabisa wanakosa kwa sababu walianza na fomu. Mtu anaona tangazo, dedlaini imebaki wiki 3, anafungua fomu, anajaza jina, anajaza shahada, akifika pale panapouliza mwenyeji wako ni nani ndo anaanza kuhangaika kutafuta imeili za maprofesa. Hapo keshachelewa, hata kama andiko lake la utafiti lingekuwa zuri kuliko ya wote.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kwanza mwajiri wako, halafu kazi yenyewe, halafu mtu, halafu hela, karatasi za viza mwisho. Na anza mapema, mwaka mmoja na nusu kabla ya tarehe unayotaka kuondoka sio mapema mno, maana kamati nyingi za wafadhili huchukua miezi mingi kutoa majibu na viza nayo ina muda wake.

Ongea na mwajiri kabla hujamwandikia mtu yeyote

Neno lenyewe sabatiko linatokana na ule mwaka wa 7 wa Wayahudi wa kupumzisha ardhi, na kwa vyuo vikuu Harvard ndo walianza utaratibu huu mwaka 1880, ndo maana mpaka leo sehemu nyingi wanahesabu miaka 6 ya utumishi kabla hujaruhusiwa. Mtindo ulioenea ni mwaka mzima kwa nusu mshahara au nusu mwaka kwa mshahara kamili, ila kila chuo kina kanuni zake na kuna vyuo ambavyo hiyo likizo sio haki, ni hisani ya idara. Soma kanuni za utumishi zenyewe, usitegemee ulichosikia kwenye korido.

Uliza haya na upate majibu kwa maandishi: mshahara unaendelea au unasimama, michango ya pensheni nani anailipa, miaka ya kupanda cheo inahesabiwa au inaganda, nani atafundisha madarasa yako, na je kuna bondi ya kukutaka urudi ufanye kazi muda fulani au urudishe hela. Jingine ambalo watu hulisahau ni kuuliza kama mwajiri anakubali upokee posho ya mfadhili juu ya mshahara wako. Kuna wafadhili wanaotaka utamke kila hela unayopata, na wengine wanapunguza posho kwa kadiri ya mshahara unaoendelea kuingia, sasa ukificha halafu ikajulikana katikati unadaiwa, na kudaiwa ukiwa nchi ya watu ni jambo zito.

Ukishajua hayo omba barua ya ruhusa, hata kama ni ya masharti, iseme kwamba ukipata ufadhili utaachiwa kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Hii barua itakusaidia kwa mfadhili, kwa chuo mwenyeji, na hata ubalozini, kwa sababu inaonyesha una kazi ya kurudia.

Kazi inayomalizika

Miezi 6 sio miezi 6. Wiki 3 za mwanzo zinaliwa na kadi ya chuo, akaunti ya benki, nyumba, kujua njia, na wiki 2 za mwisho zinaliwa na kufungasha na kuaga, katikati kuna likizo za chuo ambapo jengo zima linakuwa kimya na mtu wa maabara hayupo. Unabaki na miezi 4 na ushee ya kazi kweli. Sasa chagua kazi inayoingia humo, sio mradi wa maisha yako wote.

Mimi nina mtihani mdogo ninaowapa watu wanaoniuliza. Chukua karatasi andika sentensi 2 tu. Ya kwanza, "Nikiondoka pale nitakuwa na nini mkononi." Ya pili, "Siwezi kukifanya nilipo kwa sababu gani." Zikikushinda, andiko lako bado, hata ukiweka kurasa 10 juu yake.

Nikupe mfano. Mtu wa historia ya magonjwa anaandika kwamba anataka kupanua uelewa wake wa kampeni za chanjo na kubadilishana mawazo na wanazuoni wa kimataifa. Hiyo kamati inairuka, maana mawazo unaweza kubadilishana kwa simu. Mtu huyo huyo akiandika kwamba chuo kile kina masanduku 14 ya barua za daktari mmoja wa wilaya, barua hazijapigwa picha, orodha yake inaishia kwenye majina ya mafaili tu, na yeye anahitaji kuzisoma zote ili aandike sura ya 3 na ya 4 za kitabu ambacho sura 2 za kwanza keshaandika, hapo msomaji anakaa vizuri kwenye kiti. Kwa mtu wa kemia ni vilevile, taja kifaa, taja sampuli ngapi, kila sampuli inachukua saa ngapi kwenye hicho kifaa, halafu hesabu yako iingie kwenye miezi uliyoomba. Nimewahi kusoma ombi ambalo mtu alikuwa amezidisha saa za mashine na ikatoka miezi 19 kwenye nafasi ya miezi 5, hakuna aliyehitaji kusoma zaidi.

Mwenyeji

Hapa ndo moyo wa jambo zima, nitakaa kidogo.

Usitafute jina kubwa, tafuta mtu ambaye kazi yake inagusana na yako kiasi kwamba angefaidika wewe kuwepo. Njia nzuri ni kuanzia kwenye marejeo ya makala zako mwenyewe, nani unamnukuu mara kwa mara na yuko hai na yuko kazini, halafu angalia nani anakunukuu wewe. Mtu aliyekunukuu keshakusoma, hapo huhitaji kujitambulisha sana. Mikutano ya kitaaluma pia ni mahali pazuri, hata ya onlaini, ukiuliza swali zuri kwenye wasilisho la mtu halafu ukamwandikia wiki hiyo hiyo atakukumbuka.

Profesa maarufu ana maombi ya wageni kila wiki na muda hana, atakupa barua lakini ukifika utamwona mara 2. Profesa wa ngazi ya kati mwenye kikundi cha watu 5 au 6 mara nyingi anakupa meza karibu na watu wake, anakuita kwenye semina yake, anasoma rasimu yako.

Imeili ya kwanza iwe fupi, isizidi skrini moja ya simu. Imeili nyingi ninazoona zinaanza na historia ya maisha ya mwandishi, shahada ya kwanza alisoma wapi, tuzo gani alipata, halafu kwenye aya ya 5 ndo anasema anataka nini. Geuza. Hii hapa ilivyo imeili inayojibiwa:

"Salamu Profesa. Makala yako kuhusu mchanga wa pwani na chumvi imenisaidia kueleza matokeo ambayo yalinishinda miaka 2, nimeambatisha makala yangu fupi inayotumia njia yako, angalia jedwali la 2. Nina sabatiko ya miezi 6 kuanzia Septemba mwaka ujao na mwajiri wangu amekubali kimsingi. Nafikiria kuomba ufadhili nije kwenye kikundi chako kupima sampuli 60 ambazo tayari ninazo, kwa kifaa ambacho sisi hatuna. Je mwaka huo utakuwepo chuoni, na je jambo hili lina maana kwako? Kama ndiyo nitakutumia ukurasa mmoja wa mpango. Asante kwa muda wako."

Ona kilichomo. Kuna ushahidi kwamba umemsoma, sio sifa. Kuna tarehe. Kuna hela, maana amejua sio yeye atakayelipa. Na kuna ombi dogo tu la kujibu ndiyo au hapana, hujamwomba barua bado, hujamtumia CV ya kurasa 12. Na lile swali la je utakuwepo sio adabu tu. Mimi ombi langu la kwanza lililofika mbali nilikuja kugundua miezi 2 kabla ya safari kwamba mwenyeji wangu naye anakwenda sabatiko mwaka ule ule, kwenye bara jingine. Hakuniambia, na mimi sikuuliza. Nikakaa miezi 5 kwenye idara ambayo hakuna mtu aliyejua nimefuata nini, nikala muda wangu mwingi kujieleza upya kwa kila mtu. Tangu hapo hilo swali linakaa kwenye imeili ya kwanza.

Asipojibu, subiri wiki 2 umkumbushe mara moja kwa mistari 2, akikaa kimya nenda kwa mwingine. Usiandike kwa watu 4 wa idara moja siku moja, wanaongea kwenye chai yao na utaonekana unarusha nyavu popote.

Akikubali, sasa inakuja barua ya mwaliko. Barua dhaifu inasema "Tunafurahi kumkaribisha Dakta fulani kwenye idara yetu na tunamtakia kila la heri." Hiyo ni barua ya adabu, kamati inaijua hata kabla haijaimaliza. Barua nzuri inasema mwenyeji ameusoma mpango wako na anaona sehemu fulani ina thamani kwa kazi ya kikundi chake, inasema utapewa meza, kadi ya maktaba, na saa kadhaa za kifaa fulani, inasema mtakutana kila wiki 2, inasema utatoa wasilisho kwenye semina ya idara, na inataja tarehe zile zile zilizoko kwenye fomu yako. Wenyeji wengi wanaandika barua dhaifu kwa sababu ya haraka tu, sio kwamba hawakutaki. Kwa hiyo mtumie nukta hizo mwenyewe, mwambie "kamati inaangalia haya, kama ni kweli upande wako naomba uyataje." Hakuna aliyewahi kukasirika, wengi wanashukuru.

Hela ziko za aina gani

Ukijua nani anatakiwa kuomba, nusu ya vurugu inaisha.

Kuna ufadhili unaoomba wewe mwenyewe na unakwenda nao kwa mwenyeji uliyemchagua. Fulbright ya Marekani ni hivyo, ilianzishwa mwaka 1946, na mtafiti wa nje anaomba akiwa nchini kwake kupitia ubalozi wa Marekani au tume ya Fulbright ya nchi yake, sio kupitia chuo cha kule, kwa hiyo masharti na dedlaini vinatofautiana nchi na nchi. Taasisi ya Alexander von Humboldt ya Ujerumani nayo, hii naipenda kwa sababu unaweza kutuma ombi wakati wowote wa mwaka, hawana mgao wa nchi wala wa fani, na mtafiti mzoefu anaruhusiwa hadi miezi 18 na anaweza kuigawa safari yake mara 3, jambo ambalo kwa mtu mwenye familia au madarasa ni nafuu kubwa. Angalia tu hesabu ya miaka tangu udaktari wako, kwa watafiti wazoefu mwisho ni miaka 12. DAAD, nao wa Ujerumani, wana safari fupi za utafiti za mwezi 1 hadi 3 kwa walimu wa vyuo na wanasayansi, na kwa sabatiko fupi au kazi ya kumalizia kitu hizi zinafaa sana ila watu wanazidharau kwa sababu ya ufupi.

Kuna ufadhili ambao mwenyeji ndo anaomba, wewe jina lako tu linawekwa. Japani wana shirika la JSPS, na kwenye ule mpango wake wa kuwaalika watafiti, ya muda mfupi ni siku 14 hadi 60 na ya muda mrefu ni miezi 2 hadi 10, na anayejaza fomu ni mtafiti aliyeko Japani kupitia taasisi yake. Uingereza nafasi za maprofesa wageni za mfuko wa Leverhulme zinaombwa na chuo mwenyeji. Sasa kama hukuwa na uhusiano na mtu mapema, hizi milango imefungwa kwako kabisa, hata uwe na sifa gani. Za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya ziko katikati, unaandika pamoja na taasisi itakayokupokea, na zina masharti 2 yanayowaangusha wengi: usizidishe miaka 8 ya uzoefu wa utafiti baada ya udaktari, na usiwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi ile zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya dedlaini.

Halafu kuna taasisi zenyewe zenye nyumba na posho yao, unaomba kwao moja kwa moja na unakaa na wageni wenzako wa fani mbalimbali. Institute for Advanced Study ya Princeton iliyoanzishwa 1930, ile ambayo Einstein alifanyia kazi hadi alipofariki 1955, Wissenschaftskolleg ya Berlin, STIAS ya Stellenbosch, Afrika Kusini, kituo cha sayansi za tabia na jamii kilichoko Stanford tangu 1954. Hizi hazitaki mwenyeji mmoja, zinataka mtu mwenye kitabu au swali kubwa, na anayeweza kumweleza mwanafizikia kazi yake ya fasihi akaelewa. Kama kazi yako inahitaji maabara usiende huko.

Na mwisho kuna nafasi isiyo na hela, chuo kinakupa cheo cha mtafiti mgeni, kadi na meza, mshahara unakuja nao mwenyewe kutoka kwa mwajiri. Usiikatae kwa haraka, ila uliza mapema kama wanatoza ada. Kuna vyuo vinamtoza mgeni ada ya maabara kila mwezi, na watu wameigundua wakati wa kusaini mkataba.

Kwenye bajeti usitazame posho peke yake. Uliza nauli nani analipa, bima ya nani, nyumba ya chuo ipo au unatafuta mwenyewe, kuna nyongeza ya mwenza na watoto au hakuna, na posho inaanza kulipwa lini. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana malipo ya kwanza mara nyingi yanasubiri akaunti ya benki, akaunti inasubiri anwani, anwani inasubiri uwe umelipa kodi ya nyumba na amana. Beba hela ya kukutosha wiki 6 bila posho.

Andiko na barua za mapendekezo

Andiko lenyewe nimeshalisema kwa sehemu kubwa, hapa naongeza machache. Andika kwa mtu mwenye akili ambaye sio wa fani yako, kwa sababu kwenye kamati atakuwa mmoja tu wa fani yako na wengine 6 sio. Weka mpango wa mwezi kwa mwezi, na mwezi wa mwisho uache wa kuandika, sio wa kukusanya data. Sema kitu kinachoweza kwenda vibaya na utafanya nini kikitokea, ile aya fupi inaonyesha mtu aliyewahi kufanya utafiti kweli. Na sema utarudi na nini kwa wanafunzi na wenzako, kwa ukweli, kozi gani itabadilika, njia gani utawafundisha.

Watu watakaokuandikia barua za mapendekezo wachague kwa kujua kazi yako, sio kwa cheo. Barua ya makamu mkuu wa chuo asiyejua unafanya nini ni dhaifu kuliko ya mwenzako aliyeandika makala na wewe. Wape wiki 5, wape andiko lako, wape mistari 4 ya mambo ambayo wao peke yao wanaweza kuyasema. Siku 10 kabla ya dedlaini wakumbushe.

Viza, na hapa soma polepole

Marekani mtafiti mgeni kwa kawaida anaingia kwa viza ya J-1, na kabla ya ubalozi unasubiri fomu ya DS-2019 kutoka kwa chuo au mdhamini wa programu. Kitu ambacho kimewaumiza wenzangu ni aina ya J-1 iliyoandikwa kwenye hiyo fomu. Kuna ya mtafiti wa kawaida, inaweza kwenda hadi miaka 5, lakini ukishaimaliza, hata kama ulikaa wiki chache tu, unazuiwa kurudi kwa aina hiyo hiyo kwa miezi 24. Na kuna ya mwanazuoni wa muda mfupi, mwisho wake miezi 6, haina kizuizi hicho ila haiongezwi zaidi ya hapo. Kama safari yako ni ya miezi 3 na unajua mwaka ujao utataka kurudi, uliza ofisi ya wageni wa kimataifa wakuandikie ya muda mfupi, waulize kabla hawajaichapa. Jambo la pili ni lile sharti la kurudi kwenu miaka 2, linawagusa waliolipiwa na serikali, wakiwemo wa Fulbright, pamoja na baadhi ya fani kwa baadhi ya nchi, na maana yake huwezi kupata viza za kazi za H au L au ukaazi wa kudumu mpaka umeishi nchini kwako miaka 2. Kama unalijua na unalikubali, halina shida yoyote, shida ni kulisikia ukiwa kule.

Bima ya J-1 ina viwango vya sheria: matibabu angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, kusafirishwa kwa matibabu dola 50,000, kurudisha mwili nyumbani dola 25,000, na kiasi unachoanza kulipa mwenyewe kisizidi dola 500. Bima ya bei ndogo uliyoinunua onlaini inaweza isifike, isome kabla hujalipa. Mwenza wako akija kwa viza ya J-2 anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi, na hilo kwa familia nyingi ndo linaamua kama safari inawezekana. Na hata kama hukupata hela yoyote ya Kimarekani, ukiwa kule unajaza fomu namba 8843 ya kodi, ni karatasi chache tu ila usiiache.

Uingereza mwanazuoni aliyeko kwenye sabatiko anaweza kuomba viza ya mgeni ya hadi miezi 12, mradi aendelee kuwa mtumishi wa kwao na asijaze nafasi ya kazi ya chuo kile, lakini lazima uiombe kabla ya kusafiri kama unataka zaidi ya miezi 6, na kwa wanaotoka nchi kadhaa kuna kipimo cha kifua kikuu. Kama fani yako inagusa teknolojia nyeti uliza pia kuhusu kibali cha ATAS, kinachukua wiki kadhaa chenyewe.

Nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja) siku 90 ndani ya 180 ndo mwisho wa viza fupi, zaidi ya hapo unahitaji viza ya nchi husika. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu maalumu wa watafiti ambao unadai mkataba wa mapokezi kati yako na taasisi, Ufaransa wanauita convention d'accueil, na huo mkataba sio barua ya mwaliko, ni karatasi nyingine inayosainiwa na ofisi nyingine. Watu wengi wanafika ubalozini na barua nzuri ya profesa wanarudishwa. Faida ya utaratibu huo ni kwamba ukishapata kibali cha nchi moja unaweza kwenda kufanya sehemu ya utafiti kwenye nchi nyingine mwanachama hadi siku 180 ndani ya siku 360.

Kabla hujafunga mlango wa ofisi

Wanafunzi wako wa uzamili uwaandikie kila mmoja nani atasoma sura zao na mtaongea lini, na usiahidi kila wiki, ahidi mara moja kwa wiki 2 halafu utimize. Vibali vya maadili vya utafiti viangalie, kibali cha kwenu hakihamii kule chenyewe, na data ya watu ikivuka mpaka inahitaji makubaliano. Kama unabeba sampuli, iwe mimea, wadudu, damu au vijidudu, unahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi 2, na kwa viumbe vya asili kuna Itifaki ya Nagoya iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inayodai idhini ya nchi vilikotoka. Hizi karatasi zinachukua miezi, anzisha siku ile ile unayotuma ombi la ufadhili, usisubiri majibu.

Mkataba wa mtafiti mgeni soma kile kifungu cha haki za ugunduzi. Vyuo vingine vinamtaka mgeni asaini kwamba chochote atakachovumbua pale ni mali ya chuo, na mwajiri wako kwenye kanuni zake anasema vilevile ni mali yake. Peleka vifungu vyote 2 kwa ofisi za sheria za pande zote waelewane wao kabla hujasaini. Na mwenyeji muulize mapema, bila aibu, nani ataandikwa mwandishi kwenye makala zitakazotoka. Ni rahisi kuuliza kabla ya matokeo kuliko baada.

Ukishafika

Wiki ya kwanza mtafute katibu wa idara na mkutubi wa fani yako, hao 2 watakuokolea muda kuliko profesa yeyote. Mkutubi mmoja aliwahi kuniuliza tu natafuta nini, nikamwambia, akashuka ghorofa ya chini akarudi na boksi lisilokuwa kwenye katalogi yoyote, limefungwa na uzi mweupe, ndani kuna madaftari 3 ya vipimo niliyokuwa nayasaka kwa mwaka mzima. Nisingeuliza nisingeyaona.

Omba kutoa semina mapema, wiki ya 4 au ya 5, sio wiki ya mwisho kama wengi wanavyopangiwa. Ukitoa mapema watu wanajua unafanya nini na wanakuletea vitu, ukitoa mwisho wanakupigia makofi unaondoka. Asubuhi zako zifungie kazi iliyokuleta, mialiko yote iende mchana. Ukiona wiki 3 zimepita hujakutana na mwenyeji, mwandikie wewe, pendekeza siku na saa, usikae ukidhani amekusahau makusudi.

Ukikosa nafasi, omba maoni ya wakaguzi kama wanatoa, halafu mwonyeshe mwenyeji wako, muulize kama mwaka ujao bado anakutaka. Ombi langu lililofanikiwa lilikuwa ni lile lile lililokataliwa mwaka uliotangulia, nilibadilisha ukurasa mmoja wa mpango wa kazi na barua ya mwaliko, basi.

Ukikaribia kuondoka, mfadhili atataka ripoti, iandike ukiwa bado pale, mambo yakiwa ya moto na risiti ziko mezani. Kwenye makala utakazotoa weka taasisi zote 2 na mtaje mfadhili kwa maneno yale yale waliyoyaandika kwenye mkataba. Na akaunti ya chuo mwenyeji ikifungwa inafungwa na imeili zote, mafaili yote ya kwenye mtandao wao na leseni za programu ulizokuwa unatumia, wakati mwingine usiku wa siku ile ile ya mwisho wa mkataba, kwa hiyo wiki 2 kabla pakua kila kitu kwenye diski yako, fungua mafaili machache uhakikishe yanafunguka bila programu zao, halafu watumie watu wote uliokuwa unaandikiana nao anwani yako ya kudumu.